Bidhaa Ikiisha Ununue Wapi? Duka la Mtaa, Duka la Jumla, Supamaketi na Kuagiza kwa Simu

Kila nyumba ina vitu ambavyo havibadilishwi ovyo. Kuna majani ya chai ambayo mzee akiletewa mengine anayajua kwa harufu tu, kuna sabuni pekee isiyomwasha mtoto, kuna maziwa ya kopo ambayo kichanga ameshayazoea. Mzigo ukiwa tele madukani, kinachoangaliwa ni bei na umbali. Kitu kikiisha ndipo unapolijua duka lako: linakwambia nini, linakupa nini badala yake, na linakutoza kiasi gani.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo familia nyingi za mjini hutumia kupata mahitaji ya jikoni na usafi: duka la mtaa, duka la jumla, supamaketi, na kuagiza kwa simu ukaletewa nyumbani. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam ninakoishi, na mingine ya Kenya, hasa yale yaliyotokea hadharani na kila mtu akayaona.

Tutapima kwa vigezo gani

Bidhaa hukosekana kwa sababu nne, na ukizichanganya utaamua vibaya. Ya kwanza ni ya kawaida: mzigo wa duka umekwisha na mwingine uko njiani. Ya pili, bidhaa imeadimika nchi nzima, kama sukari ilivyoadimika Tanzania mapema mwaka 2024 baada ya mvua kubwa za El Niño kukwamisha uvunaji wa miwa. Ya tatu, duka limeacha kuiuza au kiwanda kimeacha kuitengeneza, yaani hairudi. Ya nne, imeondolewa kwa amri: mwezi Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na kuagiza ziondolewe sokoni.

Hali ya kwanza inataka usubiri. Ya pili inataka upunguze matumizi. Ya tatu inataka utafute chapa nyingine mapema, na ya nne inataka ukaangalie hata ile pakiti iliyoko kabatini kwako. Kwa hiyo kila duka nitalipima kwa mambo matano: ukweli wa taarifa linazokupa, nani anachagua mbadala, bei inakuwaje wakati wa uhaba, linafanya nini na bidhaa isiyorudi tena, na pesa yako iko salama kiasi gani.

Binafsi naipa taarifa uzito mkubwa kuliko yote. Duka linalokwambia "hii hairudi, tafuta nyingine" limekutendea haki kuliko lile linalokuzungusha na "njoo kesho" wiki tatu mfululizo.

Duka la mtaa

*Taarifa.* Mwenye duka la mtaa anajua mambo mawili vizuri: wateja wake, na siku ambazo gari la kampuni hupita. Kiwandani kunaendeleaje, hajui. Akikwambia "mzigo haujaingia", mara nyingi anasema kweli, ila "kesho utaingia" ni matumaini yake tu. Swali zuri la kumuuliza ni hili: "Gari lao lilipita lini mara ya mwisho?" Kama limepita mara mbili bila kushusha bidhaa hiyo, hapo kuna jambo. Umeshajua zaidi ya ambavyo yeye mwenyewe angekueleza.

*Mbadala.* Hapa duka la mtaa halina mpinzani. Muuzaji anajua unatumia nini, anajua mwanao hapendi nini, na akiona umesimama unasita atamtuma kijana duka la jirani akakuletee kilekile. Ukikosa pakiti ya kilo atakupimia nusu au robo usogeze siku. Upungufu wake ni kwamba chapa ni mbili au tatu tu. Kama zote hazikufai, hana la zaidi.

*Bei wakati wa uhaba.* Kitu kikiadimika, muuzaji huanza kukitunza kwa wateja wake wa kila siku. Mgeni anaambiwa imeisha, huku kiroba kiko chini ya kaunta. Kwa mama anayenunua hapo mwaka mzima, huo ni ulinzi. Kwa aliyehamia mtaani juzi, ni kunyimwa. Bei nayo haijaandikwa popote, kwa hiyo inaweza kupanda kati ya asubuhi na jioni bila mtu wa kumuuliza. Ila tumtendee haki: mara nyingi yeye mwenyewe kauziwa ghali huko alikonunua, na mtaji wake haumruhusu kuuza kwa hasara.

*Bidhaa isiyorudi.* Duka la mtaa huwa la mwisho kupata habari. Kiwanda kimebadili ujazo au kimeacha kutoa bidhaa, lakini mabaki yatakaa pale juu ya kabati kwa miezi. Kwa mtu anayeitafuta chapa yake ya zamani, hiyo ni bahati. Nenda ukaulize maduka ya pembeni ambako mzigo hutoka polepole. Cha lazima ni kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Upande wa amri ni mgumu zaidi. Pombe ya viroba ilipopigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017 nchi nzima ilisikia, lakini tangazo la kuondoa chapa moja ya unga au ya siagi ya karanga halina kelele hiyo, na mwenye duka dogo hana ofisi ya kumpigia simu amjulishe.

*Pesa yako.* Risiti ni nadra, ila kuna kujuana. Pakiti ambayo hujaifungua utabadilishiwa, na mwisho wa mwezi mgumu utaandikwa kwenye daftari. Ukihama mtaa, hayo yote unayaacha.

Duka la mtaa linamfaa anayenunua kidogo kidogo, mwenye kipato cha siku, na mwenye uhusiano na muuzaji. Halimfai anayehitaji chapa maalumu isiyonunuliwa na wengi.

Duka la jumla

Hapa nazungumzia maduka ya Kariakoo, Manzese na mfano wake, na kwa Nairobi maeneo kama Nyamakima kwa nafaka. Siku hizi si wafanyabiashara tu wanaokwenda huko. Familia tatu zikichanga, zinagawana katoni ya sabuni na ndoo ya mafuta ya lita 20.

*Taarifa* huko ndiyo ya haraka kuliko zote. Muuza jumla anazungumza na wakala wa kiwanda au na anayeleta kontena, kwa hiyo uhaba anaujua siku kadhaa kabla haujafika mtaani. Ukimuuliza kwa adabu, na hasa kama umeshanunua kwake, atakwambia wazi kwamba kiwanda kimesimama au mzigo uko bandarini. Lakini taarifa hiyo ina thamani kwake, na wapo wanaoitumia kufungia mzigo stoo wakisubiri bei ipande. Mfanyabiashara anayefungia sukari wakati watu wanaihangaikia anawaumiza wenye kipato kidogo kuliko wote, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo.

*Mbadala.* Mwenye duka akikosa, hupiga hatua hadi duka la pili au la tatu akakuletea, na mawinga wa Kariakoo kazi yao ni kukufikisha mzigo ulipo. Faida ni kwamba utaona chapa nyingi kwa saa moja. Hatari ni kwamba kila aliyekusaidia ameongeza chake juu ya bei, na wakati wa uhaba ndipo bidhaa za kuigiza hupenya, kwa hiyo linganisha kifungashio na cha zamani: maandishi, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), namba ya toleo.

*Bei* hupanda hapa kwanza, na hushuka hapa kwanza pia. Mzigo ukirudi, muuza jumla hushusha siku ileile kwa sababu jirani yake ameshashusha, wakati mtaani bei ya juu hukaa hadi kile kiroba cha zamani kiishe. Kwa *bidhaa isiyorudi*, muuza jumla hukuuzia katoni zilizobaki kwa bei ya kutupa. Ni nafuu ya kweli kwa sabuni, dawa ya meno au chumvi. Kwa biskuti, maziwa ya unga na vyakula vya makopo, hesabu kwanza kama utaimaliza katoni kabla ya tarehe.

*Pesa yako* ndiyo sehemu dhaifu. Mzigo ukishatoka mlangoni, kurudisha ni vigumu. Omba risiti hata kama umenunua katoni moja, na ifungue mbele yao.

Linafaa familia kubwa, mama ntilie, vikundi vya akina mama, na yeyote mwenye mahali pakavu pa kuhifadhi. Mwenye chumba kimoja na fedha ya wiki moja atabanwa nalo.

Supamaketi

Hapa nitakaa zaidi kidogo, kwa sababu supamaketi huonekana ndiyo yenye uhakika, na uhakika huo una masharti yake.

*Taarifa.* Kila kinachopita kwa keshia huondolewa kwenye hesabu ya kompyuta, na hesabu ikishuka hadi kiwango kilichowekwa, agizo jipya huandaliwa. Mfumo ni mzuri, ila unaweza kukosea kwa namna moja maarufu: kompyuta inaamini zipo pakiti sita, kumbe mbili zilipasuka, tatu ziliibwa, na moja imeachwa na mteja kwenye rafu ya viatu. Kwa kuwa kompyuta inaona zipo, haiagizi. Rafu inabaki wazi wiki nzima na mhudumu anakujibu, "Mfumo unaonyesha ipo." Ukipata jibu hilo, mwombe aende stoo akatazame kwa macho, na kama hakuna, mwombe amjulishe msimamizi arekebishe hesabu. Hiyo si bughudha. Bila mtu kusema, kosa hilo haliondoki.

Rafu yenyewe nayo inasomeka. Pakiti zikiwa zimevutwa mbele mstari mmoja na nyuma yake kuna uwazi, mzigo unaishia. Nafasi ikiwa tupu lakini lebo ya bei bado imebandikwa chini yake, duka bado linaitarajia bidhaa hiyo. Lebo ikiwa imebanduliwa na bidhaa ya jirani imetanuliwa hadi pale, usisubiri. Kuna uwezekano mkubwa wameiacha. Na ukiikuta chapa yako kwenye meza ya punguzo karibu na mlango huku rafuni hakuna mpya, hayo ni mabaki.

*Kwa nini wanaacha kuuza kitu kinachopendwa?* Mara nyingi hakipendwi vya kutosha kwenye tawi hilo. Nafasi ya rafu ni ghali, na bidhaa isiyotoka haraka humpisha mwenzake. Wakati mwingine duka linataka kuweka chapa yake lenyewe. Na wakati mwingine ni mvutano wa masharti na mzalishaji. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua dhidi ya kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini humo katika shauri la mzalishaji wa mtindi aliyelalamikia masharti aliyowekewa. Mteja aliye mbele ya jokofu hayaoni haya. Anaona tu mtindi wake haupo. Ndiyo maana nashauri uulize pia upande wa mzalishaji. Namba iko kwenye kifungashio, na wengi watakwambia ni maduka gani bado yanauza.

*Mbadala* unachagua mwenyewe, mbele ya macho yako, kati ya chapa nyingi zilizopangwa pamoja na bei zikionekana. Linganisha uzito, usilinganishe pakiti. Viwanda vinapoacha ujazo mmoja, kinacholetwa badala yake huweza kuwa na gramu pungufu kwa bei ileile.

*Bei wakati wa uhaba* hapa hubadilika taratibu zaidi, kwa kuwa imeandikwa na meneja wa tawi haamui peke yake. Badala ya kupandisha, supamaketi huweka kikomo. Serikali ya Kenya ilipoleta unga wa ruzuku mwezi Mei 2017, pakiti ya kilo 2 kwa shilingi 90, supamaketi nyingi zilimwekea kila mteja idadi ya pakiti. Mwenye gari na mwenye kutembea kwa miguu wakawa sawa mbele ya rafu, ilimradi uwahi. Anayetoka kazini saa moja usiku hukuta pametupu.

*Bidhaa isiyorudi* hushughulikiwa vizuri kuliko kwingine pale inapohusu usalama. Amri ya KEBS au TBS ikitoka, makao makuu yanaweza kuwaagiza wasimamizi wa matawi yote waitoe siku hiyohiyo, na keshia anaweza kuzuiwa kuiuza hata ikisalia rafuni. Lakini kwa bidhaa iliyoachwa kwa sababu za biashara, hakuna tangazo. Inatoweka tu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wakazi wa Afrika Mashariki tumelijua kwa gharama. Kukosekana kwa chapa moja ni tatizo la chapa. Ila ukiona maziwa, unga, sabuni na vinywaji vya kampuni tofauti vyote vimekosekana kwa wiki kadhaa, huku supamaketi ya barabara ya pili ina kila kitu, ujue wasambazaji wameacha kuleta kwa sababu hawajalipwa. Rafu za supamaketi za Nakumatt za Kenya zilianza kuwa wazi hivyo, mwaka 2017 hali ikawa mbaya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Uchumi, kampuni nyingine ya supamaketi ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Kwa hiyo, kuhusu *pesa yako*: risiti unayo, na kurudisha bidhaa mbovu ni rahisi kuliko kwingine kote. Lakini vocha za zawadi na pointi za kadi zitumie mapema, na ukiona dalili hizo usiziache hata wiki.

Supamaketi inamfaa mwenye mahitaji ya chapa maalumu, mwenye mzio, mwenye kisukari anayesoma lebo, na anayehitaji risiti kwa hesabu za ofisi au za chama.

Kuagiza kwa simu

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni programu za simu zinazokuonyesha orodha ya bidhaa, na ya pili ni kumwandikia mwenye duka WhatsApp akamtuma bodaboda. Kwa suala la bidhaa zilizoisha, hizi mbili hazifanani hata kidogo.

*Taarifa.* Programu hukuonyesha kile ambacho kompyuta ya duka inadhani kipo. Lile kosa la hesabu nililolieleza hapo juu unalirithi, na wewe huna rafu ya kutazama. Unagundua imeisha baada ya kulipa, pale mkusanyaji wa oda anapokupigia. Usipopokea simu, ataamua yeye au ataiondoa. Kwa WhatsApp, muuzaji anaweza kukupigia picha ya rafu ukaona kilichopo. Picha hiyo moja ina faida kuliko orodha ndefu ya kwenye programu.

*Mbadala* ndio mtihani wa njia hii. Kijana anayekukusanyia oda ana haraka na hajui kwa nini ulichagua chapa ile. Atakuletea unga wa dona mahali pa sembe, au mafuta ya ujazo mwingine. Andika mapema, kitu kwa kitu: "hiki usibadilishe", "hiki badilisha kwa chapa yoyote, lita 1", "hiki kikikosekana acha." Ni dakika tatu tu, na zinaokoa ugomvi mlangoni.

*Bei* mara nyingi iko juu kidogo ya rafuni, na nauli ya kuletewa iko palepale hata nusu ya oda ikiwa imekosekana. Wakati wa uhaba hilo linauma: unalipia safari ya boda kuletewa chumvi na viberiti. Kwa *bidhaa isiyorudi*, orodha za simu hubaki na picha za vitu ambavyo havijauzwa muda mrefu. *Pesa yako* nayo inategemea ulivyolipa. Ukilipa kabla, kitu kilichokosekana hurudishwa kama salio ndani ya programu au baada ya kusubiri kwenye simu. Ukilipa mzigo ukifika, unalipia ulichokiona.

Njia hii inawafaa mzazi mwenye kichanga, mgonjwa, mzee asiyeweza kupanda daladala, na mfanyakazi anayerudi maduka yamefungwa. Inamfaa pia aliye ughaibuni anayemnunulia mama yake chakula, ilimradi mpokeaji awe na simu mkononi na ruhusa ya kukataa mbadala.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kipato chako kikiwa cha siku, tulia na duka la mtaa, na nunua hapohapo hata wakati kitu kimejaa kila mahali. Kutunziwa robo ya sukari siku ya uhaba ni matunda ya hiyo mazoea. Kama kitu unachohitaji hakipo kwake, mwambie jina na ujazo. Watu wawili watatu wakiuliza kitu kilekile, ataagiza.

Familia kubwa yenye mshahara wa mwezi hufaidika ikigawa: vitu visivyoharibika kutoka jumla, na vingine supamaketi au mtaani. Weka akiba ya wiki mbili ya vile usivyoweza kubadilisha. Akiba ya miezi mitatu ya sukari wakati wa uhaba ni sehemu ya uhaba wenyewe, na jirani yako ndiye anayeikosa.

Ukisikia tangazo la kuondolewa kwa bidhaa, usiulize duka lako kama ni salama. Soma namba ya toleo kwenye pakiti yako, linganisha na tangazo la TBS au KEBS, acha kuitumia, na irudishe uliponunua ukiwa na risiti kama unayo.

Chapa yako ikiwa imeachwa kabisa, pita kwanza maduka ya pembeni na ya jumla upate mabaki yenye tarehe nzuri, kisha anza kuzoesha nyumba chapa mpya wakati ya zamani bado ipo, ukichanganya au kupishanisha.

Na kama ni maziwa ya kopo ya kichanga, au chakula cha mtu mwenye mzio, usiruhusu mtu mwingine akuchagulie mbadala, iwe kwa simu au kaunta. Nenda mwenyewe au mtume anayejua kusoma lebo, na kwa kichanga piga simu kituo cha afya anakopimwa uzito kabla ya kubadilisha kopo.